Mizinga Tunayo, Ndege Ziko Wapi?

(Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya wanafunzi wa ufundi, walimu wa historia na wazee kutoka Changamwe na Port Reitz)

Masalkheri. Wazee wangu, shikamooni. Walimu, nawasalimu kwa heshima. Na nyinyi vijana mliotoka karakana mkaja moja kwa moja, sogeeni mbele, maana mengi ya leo yanawahusu nyinyi.

Nimeombwa nizungumze juu ya ndege za kijeshi za zamani ambazo wapenzi wa ndege wanajuta hadi leo kwamba zilikatwakatwa na kuuzwa vyuma chakavu. Kwa kawaida mazungumzo haya huanzia Uingereza au Marekani. Huko tutafika. Lakini naomba tuanzie Ngomeni.

Kila mtoto wa Mombasa aliyepelekwa Fort Jesus na shule yake ameupita mzinga mmoja mrefu wa chuma, wa milimita 105. Wengi hudhani ni wa Wareno. Ule ni mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani ambayo tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, pale Unguja. Na mzinga wa Pegasus nao tunao. Maadui wawili waliopigana katika bahari yetu, leo silaha zao zinakaa pamoja Mombasa, na mtoto anaweza kuzigusa.

Sasa sikilizeni kisa kilichofuata. Königsberg ilikwenda kujificha katika mikono ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia, maji hayakuzitosha. Yalihitajika macho ya juu. Akaletwa rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, na ndege yake ya Curtiss yenye kutua majini, wakapiga kambi kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia. Rejeta ya ndege ikaharibika. Unajua ilitengenezwaje? Meli ilitumwa hapa Mombasa kutafuta rejeta ya gari la Ford, ikapatikana, ikafungwa kwenye ndege, na ndege ikaruka tena. Mafundi, kazi hiyo mnaifahamu.

Baadaye Cutler alishuka mtoni akakamatwa na Wajerumani. Mwaka 1915 zikaja ndege za Sopwith; joto la pwani likaachisha gundi ya rafadha zake, na zikashindwa kupanda juu. Zikaja za Short, zikapiga picha. Mwishowe kikatengenezwa kiwanja Mafia kwa ajili ya ndege za Farman na Caudron. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold walikuwa juu ya Rufiji ndani ya Farman, wakiwaelekeza wapiga mizinga wa meli mbili ndogo mahali pa kulenga. Ndege yao ikapigwa. Injini ikazimika. Huku ndege inashuka kuelekea mtoni, Arnold aliendelea kutuma ishara za kurekebisha shabaha, na shabaha ikapatikana. Königsberg ikaishia pale.

Wajerumani waliifungua mizinga ile, ikakokotwa nchi kavu kwa nguvu za mamia ya Waafrika, ikapigana tena vita vya ardhini. Ndiyo sababu mmoja uko kwetu. Lakini ile Farman iko wapi? Sopwith ziko wapi? Ile Curtiss yenye rejeta ya Ford ya Mombasa iko wapi? Hakuna hata ubao. Aliyepigwa tunaye, aliyemwona na kumwonyesha hatunaye. Mtoto anayetoka Ngomeni anaondoka na nusu ya kisa, na hiyo nusu iliyokosekana ndiyo yenye ufundi ndani yake.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Sisi watu wa mwambao tuna haki yetu wenyewe katika majuto haya. Ndege hizi ziliishi kwetu.

Miaka ya mwisho ya 1930 ndege kubwa za Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, zile za kiwanda cha Short zinazotua majini, zilikuwa zikitua Mombasa katika safari ya kutoka Uingereza hadi Durban. Zilitoka Kisumu, zikaja hapa, zikaenda Dar es Salaam na Lindi, kisha Msumbiji. Zilijengwa 42. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza baadhi zilitwaliwa na majeshi zikapakwa rangi za kijeshi. Ya mwisho, Coriolanus, ilivunjwa Sydney mwaka 1948. Arobaini na mbili, na duniani kote haikubaki hata moja.

Kisha ukaja mwaka 1942. Mwezi Aprili Wajapani waliishambulia Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, na kundi la manowari za Uingereza za Mashariki likahamishia makao yake Kilindini. Wataalamu wa kuvunja siri za mawasiliano ya Kijapani waliwekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram, ile ile mnayoipita kila siku. Jeshi la wanamaji lilivipa vituo vyake vya ndege majina ya kwetu: cha Kilindini kikaitwa Kipanga, cha Tanga Kilele, cha Nairobi Korongo. Na pale Kipevu, ambapo leo kuna mitambo ya umeme na gati la mafuta, zilikuwa zikielea Catalina.

Catalina naomba nikae nayo kidogo. Ni ndege ya injini mbili, bawa lake lina urefu wa zaidi ya mita 31 kutoka ncha hadi ncha, limeinuliwa juu ya mwili wa ndege ili injini ziwe mbali na maji ya chumvi. Ubavuni ina vioo viwili vilivyovimba nje, ambapo mlinzi anakaa akitazama bahari. Haina mbio. Lakini inaweza kukaa angani saa ishirini, na kwa bahari pana kama hii yetu, hiyo ilikuwa na thamani kuliko mbio. Kikosi cha 209 cha Uingereza kilikaa Kipevu, na mwezi Februari 1943 kikaundwa kingine hapo hapo, cha 259. Tarehe 20 Agosti 1943, kusini ya Madagaska, Catalina ya kikosi hicho cha 259 pamoja na nyingine ya kikosi cha 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197.

Vijana huniuliza, nyambizi zilikuwa na hatari gani kwetu? Mwezi Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini katika msafara wa kwenda Ceylon, imejaa askari, wakiwemo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake. Tarehe 12 ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200. Watu walioondoka gatini kwetu. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini kulikuwa na vijana waliokaa nyuma ya vioo vile saa ishirini wakitazama maji matupu.

Catalina zilijengwa zaidi ya 3,000, na chache bado zinaruka huko ng'ambo. Afrika Mashariki, pwani iliyozifuga, haina hata moja. Kwa nini? Sababu kubwa ilikuwa mkataba. Ndege nyingi za Marekani zilizotumiwa na Waingereza zilitolewa chini ya sheria ya mkopo wa vita ya mwaka 1941, na vita vilipokwisha masharti yalikuwa magumu: zirudishwe, zilipiwe, au ziharibiwe. Uingereza ilikuwa imefilisika, na Marekani haikuzitaka. Kwa hiyo zikaharibiwa. Catalina tano za Qantas, shirika la ndege la Australia, zilizokuwa zikivuka bahari hii yetu kutoka Australia hadi Ceylon, safari moja ikichukua zaidi ya saa 27 na abiria wakiona jua likichomoza mara mbili, ziliburutwa hadi maji ya kina zikazamishwa kwa makusudi. Ndege nzima, injini zikiwa bado zafanya kazi. Nje ya pwani ya Australia, ndege za kivita za Corsair zilisukumwa kutoka kwenye sitaha za manowari zikatumbukia baharini moja baada ya nyingine. Mimi nimefanya kazi ya kufunga ribiti katika bawa la ndege. Kusoma habari hiyo kunaniuma hadi leo.

Sababu ya pili ni njaa ya alumini. Uingereza watu hawakuwa na nyumba, mabomu yamezibomoa. Alumini ya ndege iliyeyushwa ikatengenezwa nyumba za kuunganisha, zaidi ya 50,000. Hili silaumu. Mama mwenye watoto na asiye na paa ana haki kuliko jumba la makumbusho. Ninacholilia ni kwamba katika maelfu, hakuna aliyesema: moja hii tuiache.

Na hapo ndipo penye maumivu ya wapenzi wa ndege ulimwenguni. Short Stirling ilikuwa ndege ya kwanza ya mabomu yenye injini nne ambayo Uingereza iliingia nayo vitani. Zilijengwa zaidi ya 2,300. Nzima haikubaki hata moja. Barracuda ya jeshi la wanamaji, zaidi ya 2,500: hakuna nzima, kuna watu Uingereza wanaoiunganisha upya kutokana na mabaki. Westland Whirlwind, ndege nzuri ya kivita ya injini mbili, hakuna. Vickers Wellesley, ambazo mwaka 1938 ziliruka kutoka Misri hadi Australia bila kutua, na baadaye zikapigana na Waitaliano huko Eritrea, hakuna. Fairey Albacore, zilizopaa kutoka manowari Indomitable wakati wa kuivamia Madagaska mwezi Mei 1942, zilijengwa takriban 800. Iko moja tu duniani, katika makumbusho ya Yeovilton, Uingereza, imeunganishwa kutoka mabaki ya zaidi ya ndege moja.

Lakini inayonikera kuliko zote ni B-32 Dominator ya Marekani. Zilijengwa 118. Ndizo zilizopigana mapigano ya mwisho ya angani ya vita vile juu ya Japani, tarehe 18 Agosti 1945, silaha zikiwa tayari zimetangazwa kuwekwa chini. Ilikuwepo moja iliyochaguliwa maalumu kwa ajili ya jumba la makumbusho, ikatengwa, ikawekwa kando jangwani Arizona. Mwaka 1949 nayo ikakatwa. Fikirini: haikukosa mtu wa kuitambua. Ilitambuliwa, ikaandikwa, kisha ikafa pale pale kwenye orodha, kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kwenda kuitazama kila mwezi na kuuliza, bado ipo?

Tangu hapo watu wanahangaika. Handley Page Halifax zilikuwa zaidi ya 6,000, zote zikaisha. Ikabidi mwaka 1973 wapiga mbizi waitoe moja katika ziwa Hoklingen, Norway, na mwaka 1995 nyingine kutoka ziwa Mjøsa. Dornier Do 17 ya Wajerumani ilitolewa chini ya bahari mwaka 2013, karibu na pwani ya Uingereza, imejaa kome na kutu. Kumbukeni gharama ya kazi hiyo. Mwaka 1946 Halifax ingehitaji banda na mlinzi tu.

Sasa nije kwenye jambo gumu, na wazee naomba mnivumilie.

Kuna ndege inaitwa Avro Lincoln. Kuanzia mwaka 1953 vikosi vya Lincoln vililetwa Eastleigh, Nairobi, vikadondosha mabomu juu ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau. Pamoja nazo zilikuwepo Harvard ndogo zilizoruka kutoka Mweiga. Chini ya miti ile walikuwepo watu wetu. Lincoln zimebaki chache sana, moja ikiwa Cosford, Uingereza, na nyingine Argentina. Kenya haipo hata moja.

Kijana mmoja aliniuliza, mzee, hiyo nayo tuililie? Wacha iende. Nikamjibu hapana, na leo namjibu mbele yenu nyote. Hiyo ndiyo ningeitaka kuliko zote. Ningetaka iwekwe Nairobi, milango ya mabomu ikiwa wazi, na mtoto asimame chini yake aone ukubwa wa chombo kilichotumwa kwa watu waliokuwa na bunduki za kujitengenezea. Kitabu kinaweza kubishiwa. Tumbo la Lincoln halibishiki.

Na tunao mfano wa karibu. Uingereza ilihamisha majalada ya makoloni kimya kimya, mengine ikayachoma. Yaliyosalia yalifichwa Hanslope Park, huko Uingereza, na yalipofichuliwa mwaka 2011 yaliisaidia kesi ya wazee wetu walioteswa. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na ikakubali kuwalipa zaidi ya watu 5,000 fidia ya pauni milioni 19.9. Karatasi iliyohifadhiwa ilisema dhidi ya aliyeihifadhi. Vitu vina tabia hiyo, navyo haviwi watetezi wa mwenye navyo milele. Kwa hiyo anayesema ndege ya adui iyeyushwe, anamsaidia adui kusahauliwa alichofanya.

Mombasa hatuna haja ya kufundishwa hili. Mwaka 1697 meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Ngomeni wakati Waomani walipoizingira ngome. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichimbua, na vitu vyake viko katika makumbusho yetu. Wareno walituchomea mji. Hata hivyo hakuna mtu wa Mjini Kale aliyesema shaba ile iuzwe kwa kilo. Tuliiona ni historia yetu kwa sababu ilizama katika maji yetu. Catalina ya Kipevu ilikuwa na haki hiyo hiyo. Kosa lake lilikuwa umri mdogo.

Umri huo mdogo ni jambo la kisheria, walimu. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kitu kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Ndugu wawili Wright waliruka mwaka 1903. Maana yake ni kwamba hakuna ndege yoyote, katika nchi hii, inayolindwa kwa umri wake peke yake. Sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza kitu kuwa cha kulindwa. Lakini waziri hatangazi asichoombwa. Lazima awepo mtu wa kuandika barua.

Na ndege za kuandikiwa barua zipo. Jeshi la Anga la Kenya liliundwa mwaka 1964. Ndege zake za kivita za Strikemaster, zilizokuja mapema miaka ya 1970, ziliuzwa Botswana mwaka 1988. Ndege zake za kivita za Hunter zilikwenda Zimbabwe. Bado tunazo ndege za kivita za F-5, zilizoanza kuingia mwaka 1978. Zimeruka juu ya vichwa vya baba zenu, na siku moja zitastaafu. Siku hiyo mnunuzi atafika na mizani. Nataka sisi tuwe tumefika kabla yake, na barua yetu iwe imeshafika, inayoomba moja tu kwa ajili ya pwani.

Mkiipata, vijana, msiitundike juu ya nguzo barabarani. Nawaambia kama fundi. Mzinga wa Königsberg umestahimili upepo wa bahari kwa sababu ni chuma kinene. Ngozi ya ndege haifiki hata milimita mbili. Penye chumvi, chuma na alumini vikigusana, alumini ndiyo inayoliwa, na huanza kuliwa ndani, nyuma ya ribiti, mahali usipopaona mpaka bawa litoboke. Sehemu zilizotengenezwa kwa magnesi huoza hata mbele ya hizo. Ndege katika hewa ya Mombasa inataka paa, inataka kuoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, inataka boliti za chuma zitolewe na kutiwa kizuizi kati yake na alumini, inataka mashimo ya chini yawe wazi maji yatoke. Kazi hiyo haihitaji pesa nyingi. Inahitaji karakana yenye wanafunzi, na mwalimu anayewapa zamu.

Hadi hapo ndege ya kwanza itakapopatikana, kuna kitu kinachopotea mbele ya macho yetu. Catalina hazikujihudumia. Walikuwepo vibarua wa Kipevu, mabaharia wa mashua zilizopeleka mafuta, wapishi, waliobeba mabomu, waliofua kamba. Majina yao hayamo katika vitabu vya vikosi. Yamo katika nyumba za Changamwe, Mikindani na Likoni, nyuma ya picha iliyofifia au katika kadi ya kazi iliyokunjwa ndani ya msahafu au Biblia.

Basi wazee wangu, kabla hamjaondoka, pale mlangoni kuna meza na daftari. Mwenye baba, babu au mjomba aliyefanya kazi Kipevu, Port Reitz au Mackinnon Road wakati wa vita, tafadhali aandikishe jina lake na kazi aliyoifanya. Mwenye picha aje nayo. Itapigwa nakala hapo hapo, mbele yake, na atarudi nayo nyumbani.